Siku ya Jembe au Siku ya Bibi

Juzi tumemzika mama mkwe wa jirani yangu hapa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, na mimi nimerudi nyumbani na hasira ambazo mpaka leo hazijashuka. Msemaji wa familia alisimama na karatasi ndefu ya shukrani. Akashukuru kwaya. Akashukuru waliotoa turubai na viti, akashukuru waliochimba kaburi, akamshukuru mpaka mwenye boti aliyeleta ndugu. Jirani yangu, mwanamke wa rika langu, aliyemwogesha yule mama, akamlisha kwa kijiko na kufua shuka zake ziwani tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno mpaka mtoto huyohuyo ameanza shule, hakutajwa. Alikuwa nyuma ya nyumba anapakua wali. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Na aliyemuuguza je?" Watu wakageuka wakanitazama kama nimetukana.

Jioni nilimsaidia kuingiza ndani godoro la marehemu, lilikuwa limeanikwa juu ya mawe. Anayeijua harufu ile hahitaji kuelezwa: mkojo wa siku nyingi, sabuni ya mche, jua. Na ndani yake kulikuwa na kitu kingine, majani ya mlingoti, ule mkaratusi, kwa sababu jirani yangu alikuwa anayachemsha kwenye maji ya kumwogeshea mgonjwa, kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Nilisimama pale nimeshika ncha ya godoro na sikuwa Mbaha tena. Nilikuwa Ruanda, ile Ruanda yetu ya Mbinga, siyo nchi ya watu, nimevaa sare iliyopauka na nimeamini kwa moyo wote kwamba mama yangu ni mtu mbaya.

Mimi ni Mmatengo, mtu wa milimani. Ziwani nimeletwa na ndoa. Nilikuwa darasa la tatu bibi yangu, mama yake baba, alipoanguka njiani akitoka kanisani. Hospitali walikaa naye siku chache, wakamrudisha akiwa amepooza upande wa kushoto, mdomo umekwenda pembeni na maneno yanatoka moja moja, kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Walichotuambia ni agizo moja tu: asilale upande mmoja muda mrefu, ageuzwe, anyooshwe viungo. Nani amgeuze? Hilo halikusemwa. Halikuhitaji kusemwa. Mke wa mtoto wake si yupo?

Baba alikuwepo pia, nisimsingizie. Asubuhi alimbeba bibi kutoka kitandani akamkalisha kwenye kiti jikoni, jioni akamrudisha. Lakini mtoto wa kiume hamvui nguo mama yake, kwa hiyo hapo ndipo mikono ya baba ilipoishia. Kuoga, choo, nguo, kumnyoosha vidole vilivyojikunja, kumlisha uji bila kumpalia, vyote vya mama. Na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya.

Sasa nieleze kuhusu shamba, kwa sababu bila shamba hamtaelewa kitu. Kwetu tunalima ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, mwanaume anafyeka majani kwenye mteremko na kuyalaza mistari mistari, inayokatana, mpaka kilima chote kinakuwa miraba. Kazi yake imeisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na udongo anautupa juu ya majani, mpaka pande zote nne zinainuka matuta na katikati linabaki shimo. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na mahindi yanafuata msimu ujao. Usipochimba wakati udongo una unyevu, hupati maharage mwaka huu wala mahindi mwaka kesho. Na uzuri wa milima, au ubaya wake, ni kwamba inatazamana. Shamba lako halifichiki. Mwaka ule majani ya baba yalilala yakakauka, yakageuka rangi ya mkeka wa zamani, na kila aliyepita njia ya ng'ambo aliona miraba ya nyumba yetu haina shimo hata moja.

"Mama Eda siku hizi ni mtu wa kivulini," nilimsikia mwanamke mmoja akisema bombani.

"Anakula uji wa mgonjwa," mwenzake akajibu, wakacheka. Mimi ndiye Eda. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka nikiona aibu, na aibu yenyewe niliielekeza kwa mama.

Mngeuliza, si kuna ngokela? Ipo. Ngokela ni kulima kwa pamoja, leo kwako, kesho kwangu, na jioni mwenye shamba anatoa pombe. Lakini mwenye kuja kwako ni yule uliyekwenda kwake. Mama msimu ule hakwenda kwa mtu, angekwendaje? Basi alipopika pombe akatangaza siku yake, walikuja wanawake wawili, na mmoja alikuwa mjamzito. Pombe iliharibika. Mama aliimwaga nyuma ya zizi, na mimi nikajisemea, unaona, hata watu hawampendi.

Maana ushahidi nilikuwa nao mwingi. Bibi alilia kila mama alipomnyoosha mkono. Mama hakuwa na maneno matamu; alisema "geuka," "fungua mdomo," "tulia," kama polisi. Halafu Shangazi Redempta, dada yake baba, akija Jumapili kutoka Mbinga mjini na bodaboda, ana biskuti, ana kitenge kipya cha bibi, anapiga magoti, anamshika mama yake mashavu, machozi yanamtoka. Bibi naye anatabasamu kwa ule upande mmoja. Kwa akili yangu ya darasa la tatu, anayempenda mgonjwa ni yule anayelia. Shangazi akimaliza kulia anakagua. Anatazama kucha. Ananusa shuka. Anainua kikombe. Nilimwona kama mkaguzi wa elimu, na nilitaka sana aone kila kitu.

Ushahidi mkubwa kuliko yote ulikuwa kanga. Siku moja nilirudi shule mapema nikamkuta bibi peke yake jikoni, amefungwa kanga kiunoni, imezungushwa kwenye kiti na fundo lake limekazwa nyuma, kwenye nguzo. Mama alikuwa ameteremka shambani, mtoto mgongoni, anachimba haraka haraka mashimo mawili matatu kabla bibi hajahitaji kitu. Mimi hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba kinachofungwa kwenye nguzo ni mbuzi. Bibi akaniambia kwa Kimatengo, neno moja, nimfungue. Nikamfungua.

Alinyanyuka. Alidhani bado ana miguu miwili. Alipiga hatua moja ya mguu mzima, ya pili haikuwepo, akaenda chini na paji la uso likapiga figa. Moto ulikuwa umezimika, ndiyo bahati yetu. Nilikimbia. Nilijificha kwenye kahawa mpaka nilipomsikia mama akipiga kelele kumwita baba.

Jumapili Shangazi aliukuta uvimbe. Hakuuliza mtu mzima. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanipa biskuti nne.

"Eda mwanangu, niambie ukweli. Nani kamfanya bibi yako hivi?"

Nikasema, "Mama huwa anamfunga kama mbuzi."

Angalieni ujanja wa mtoto. Kila neno lilikuwa kweli, na jibu lilikuwa uongo.

Kwetu wakati ule bado kulikuwa na sengu. Ni wanaume wa ukoo, wanaokula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, na wakishanawa mikono wanaamua mambo ya watu. Kwingine desturi hiyo ilikuwa imeshakufa, lakini Babu Kasiani, kaka yake babu yangu, alikuwa ameing'ang'ania kama fimbo yake. Mama akaitwa. Wanawake wa ukoo walikaa nje, upande wa jikoni, wanajifanya wanachambua mboga. Na mimi nilikuwa katikati yao, nimejibanza kwa Mama Osmunda, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na kitasa.

Shangazi alisema kwanza. Alisema vizuri, alikuwa amesoma. Uvimbe, kanga, mbuzi. Kila alipotaja mbuzi, mimi nilizidi kuwa mdogo.

Babu Kasiani akauliza, "Mama Eda, ulimfunga mama yako?"

"Nilimfunga," mama akasema.

Nadhani wanaume walikuwa wamejiandaa kwa machozi.

"Nilimfunga jana, na kesho nitamfunga. Mtu anayesahau kwamba hatembei, nikimwacha wazi anaingia motoni. Nimfunge au nimzike? Chagueni nyie."

"Na uvimbe?"

"Alianguka. Mimi nilikuwa shambani."

Hakuongeza. Nilisubiri aseme jina langu, hakulisema. Miaka mingi baadaye, nimeshamaliza kidato cha nne, nilijikaza nikamwambia ni mimi niliyefungua. Mama alikuwa anapepeta mahindi, hata hakusimamisha ungo. "Nilijua siku ileile," akasema. "Aliyepooza mkono hafungui fundo la nyuma."

Basi, Babu Kasiani akatoa hukumu aliyokuwa nayo mfukoni tangu asubuhi. Akasema shamba lisiaibishe ukoo. Kile kipande cha mteremko apewe mke wa baba mdogo, mwenye nguvu na nafasi, akichimbe yeye na kuvuna yeye, Mama Eda abaki na mgonjwa, "apumzike." Jamani, apumzike! Baba alikuwa amekaa mkekani anatazama vidole vyake vya miguu. Kipande kile ndicho kilichokuwa kinatulisha. Ukikitoa kwa mwingine msimu mmoja, msimu wa pili unakwenda kukiomba, na wa tatu unaambiwa ulishakiacha.

Mama alisimama. Mwanamke hasimami kwenye sengu.

"Shamba silitoi," akasema. "Na mama simtoi. Nani kasema nimemchoka? Mimi sitaki pole, sitaki vitenge. Nataka siku. Kila siku moja ninayomgeuza mama yenu, nimelima kwenu siku moja, ihesabiwe ngokela. Siku zenu mlizonidai zimekwisha kulipwa kwenye shuka. Sasa mje kwangu. Na asiyetaka jembe aje ndani akae na mama, siku yake itahesabika vilevile. Siku ya jembe au siku ya mama. Mtu achague."

Wanaume wakacheka, hata wale wapole. Mmoja akasema, "Toka lini kuogesha mtu kukawa kulima?"

"Toka uzaliwe," Mama Osmunda akapaza sauti kutoka jikoni. "Kwani wewe ulijiogesha?"

Nje wanawake walipasuka kwa kicheko mpaka mboga zikamwagika. Babu Kasiani akagonga fimbo, akasema wanawake wanyamaze, akasema jambo hilo ni geni, litatazamwa. Mnajua maana ya litatazamwa. Lakini wanawake walikuwa wameshalitazama. Mama Osmunda alimngoja mama njiani. "Alhamisi," akamwambia. "Mimi ninakuja na wangu. Usipike pombe nyingi, tuna haraka, mvua zinakwisha." Na Shangazi, aliyekuwa ametoka nyuma yao na pochi yake kwapani, akasema ili kila mtu asikie: "Na mimi nitakuja. Mama yangu nitakaa naye mwenyewe, aone tofauti."

Hapa niseme na nyie wa umri wangu, mlio Songea, Dar, na kokote mlikokimbilia, mnaopiga simu Jumapili na kusema "pole sana, Mungu atakulipa." Mungu mwacheni na kazi zake. Hamjaombwa na Mungu, mmeombwa na wifi yenu. Mimi leo ninaye mama mkwe mwenye miguu iliyovimba na macho yanayofifia, nina mtoto wa miezi saba, na kila mmoja wa watoto wake ananipenda sana kwa simu. Nimewaambia wazi, bila kununa na bila kulia, kama nilivyomwona mama yangu akifanya: sihitaji kusifiwa, nahitaji usingizi wa mchana na siku ya kwenda kliniki na mtoto wangu. Njoo ukae wiki. Huwezi wiki, njoo siku mbili. Huwezi siku mbili, usije kuninusia shuka. Shemeji mmoja amekasirika. Wengine wawili wamekuja, na wamejifunza kugeuza mtu bila kumvunja mkono. Wameondoka wamenyooka. Mtu akishamgeuza mgonjwa kwa mikono yake, haulizi tena unashinda unafanya nini.

Alhamisi ile walikuja wanawake kumi na tatu. Niliwahesabu kwa sababu mama alinituma kuazima vikombe. Ukungu ulikuwa bado umekalia bonde, walishuka na majembe mabegani wanataniana, na kabla ya chai mstari wa kwanza wa mashimo ulikuwa umeshakata kilima. Mama alikuwa katikati yao. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwona mama akilima na watu. Alikuwa anacheka, mama yangu, polisi yule, anacheka mpaka anaegemea mpini.

Mimi nilibakishwa nyumbani nimsaidie Shangazi. Alikuja na gauni la maua na manukato. Uji alimlisha bibi vizuri, vijiko vitano, cha sita bibi alikitema kwenye gauni. "Si kitu, mama," Shangazi akasema. Akamgeuza, bibi akalia. "Pole, mama, pole." Akajaribu kumnyoosha mkono, bibi akalia zaidi, na Shangazi akaacha mara moja, akanitazama.

"Huwa analia hivi?"

"Kila siku," nikasema.

"Na mama yako anafanyaje?"

"Anaendelea."

Kisha bibi akataka choo. Kisha, alipokwisha kubadilishwa, akataka tena. Shangazi alimwinua vibaya, wote wawili wakakaa chini sakafuni, na bibi, ambaye Jumapili zote alikuwa anatabasamu, alimwangalia binti yake kwa hasira na kuita jina la mama yangu. Alimwita tena. Hakumtaka mwingine. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi, na kitu kilichokuwa kimesimama vizuri kichwani mwangu msimu mzima kikaanguka chini. Huyu mzee anayelia kila siku mikononi mwa mama alikuwa anamtafuta mama.

Jua halijafika utosini Shangazi aliniachia bibi, akateremka mteremko, kitambaa kimelegea, gauni limelowa mpaka magotini. Wanawake wote wakasimamisha majembe, na mimi nikasikia kila kitu kutoka ukingoni mwa uwanja.

"Wifi," akasema, anahema. "Nipe jembe."

"Si ulisema utakaa na mama?"

"Nipe jembe, nimesema. Mwingine aende."

Mama Osmunda alitema mate kwenye viganja, akamkabidhi jembe lake kama askari anayekabidhi zamu. "Karibu, mtu wa mjini. Huku ni kupumzika," akamwambia, akapanda nyumbani kukaa na bibi. Na hakuna aliyemcheka Shangazi kwa sauti. Walimpa mraba wake, wakamfundisha upya, maana mkono ulikuwa umesahau.

Alasiri mraba wa mwisho ulikuwa umefunguliwa, maharage yamekwisha kupandwa. Ng'ambo ya bonde watu walisimama njiani wakatazama. Mama Osmunda akamwita baba, baba akambeba bibi na kiti chake akamweka ukingoni mwa uwanja, pale kilima chote kinapoonekana. Bibi yangu, kabla hajaanguka, alikuwa amechimba mteremko ule kwa miaka mingi kuliko umri wa mama. Aliutazama polepole, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Wanawake walikuwa wameshakaa na vikombe vyao vya pombe, na kidogo kidogo wote wakanyamaza, kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa umeinuka unaonyesha kitu.

"Lile," akasema. Tukangoja. "La tatu. Limepinda. Nani... kachimba lile?"

Shangazi alikuwa anatazama malengelenge kwenye viganja vyake.

"Ni binti yako, mama," mama akasema.

Bibi alifikiri. Mdomo wake ulihangaika kulitafuta neno, ukalipata.

"Arudie."

Mama alikunywa pombe yake yote, akafuta mdomo, akamsogezea Shangazi jembe kwa mguu.

"Umesikia, wifi," akasema. "Shuka ukarudie, udongo ukikauka hautakusubiri."

Shangazi Redempta alishuka, na akarudia.